Uzi Upande wa Juu

Jumamosi, 9 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi wakipanda mboga za kudumu ni kuzifanya mchicha. Mchicha unaupanda, unauchuma, unaung'oa, mmeachana. Mboga ya kudumu ni mpangaji wa muda mrefu. Miezi ya mwanzo huoni faida yake, yeye anapanga vyombo vyake tu. Ukimgongea mlango kila asubuhi kumuuliza vipi, anahama. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni moja: ukishapanda, usiguse, usichungulie, using'oe kuangalia mizizi. Majirani wa kichochoro chetu nimewaeleza haya mpaka wengine wakiniona wanakumbuka wameacha sufuria jikoni.

Niliuza na kupima dawa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jina la Bi Dozi limenifuata mpaka nyumbani. Sijali. Nusu ya kichochoro hiki ilipona kwa kunisikiliza.

Leo nimekata chaya. Ni kichaka cha majani mapana, kirefu kumzidi mtu, na kikishashika unachuma miaka na miaka bila kupanda tena. Majani yake hayaliwi mabichi, lazima yachemke vizuri. Hupandwa kwa vipande vya tawi, vya urefu wa mkono kutoka kiwiko. Kila kipande nakikata ncha mbili kwa namna mbili: ya chini mshazari, ya juu mkato ulionyooka. Hivyo hata asiyejua kitu anajua upande wa kuingia ardhini. Ni lebo isiyohitaji kusomwa.

Nilipanga matawi yote rundo moja, mashina yakitazama kulia, nikaketi upande wa ukuta na panga langu. Vipande vya kwanza nikavipeleka uani nyuma, vyangu. Baadaye jua likageuka, likaanza kunichoma machoni, nikahamisha kigoda upande wa pili wa rundo, nikalipa jua mgongo, nikaendelea mpaka rundo likaisha. Hivyo vya pili ndivyo vya majirani. Vipo kivulini karibu na karo la kufulia. Utomvu mweupe ukauke siku tatu nne kwanza, la sivyo vinaoza.

Mke wa mwanangu amenisaidia kufunga mafungu. Ni fundi cherehani, mikono yake haina mchezo. Huzungumza kidogo. Mwanangu hutengeneza majokofu, na wiki nzima yuko kwenye maghala ya watu. Nyumbani tunabaki mimi, mkewe, na mjukuu wangu Kidoti, ambaye huzungumza kwa niaba ya wote watatu.

Jumatano, 13 Machi

Nimegawa. Nyumba kumi na moja. Kinyozi wa kichochoro alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, akamwacha akaja getini.

"Bi Dozi, hii kutwa mara ngapi? Kabla ya chakula au baada?"

"Mshazari chini, Kinyozi. Halafu usiiguse."

"Hata kuisalimia?"

"Isalimie kwa mbali."

Mvua imeanza jioni, kana kwamba ilinisubiri nimalize.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumapili, 17 Machi

Mwanangu alikuja na kikaratasi cha maelekezo ya dawa ya kikohozi ya Kidoti, akanipa nisome. Nikamwambia asome yeye, nataka nisikie kama bado anasoma vizuri. Tukacheka. Mkewe hakucheka. Alinitazama, kisha akaendelea kukunja nguo.

Ukweli ni kwamba tangu mwaka jana ninaona kupitia kitu kama kioo cha bafuni mtu anapotoka kuoga. Mwanga mkali unanichoma. Ninajua huu ni mtoto wa jicho, nimewaeleza wazee wengi wasiuogope. Wangu nitaushughulikia baada ya mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Chaya zangu za uani zimetoa vidole vya kijani. Kidoti alitaka kushika kimoja nikamfokea.

Jumanne, 2 Aprili

Mama wa geti la bluu amenisimamisha. "Bibi, zangu mbona kimya?"

Nikamweleza kuhusu mpangaji wa muda mrefu. Akasema, "Huyu mpangaji wangu nadhani amefia ndani."

Jumamosi, 6 Aprili

Leo ndiyo siku iliyoharibika, na niandike taratibu ili nisijipendelee.

Walikuwa saba au wanane kwenye kibaraza cha Kinyozi, wakikinga mvua. Mimi na mke wa mwanangu tulikuwa tunatoka sokoni, tukajibanza nao. Kinyozi akaanza: "Jamani, mwenye kichochoro amefika. Bi Dozi, msiba wetu umeusikia? Vipande vyote chali." Kila mmoja akaeleza chake. Cha huyu kimekauka huku mvua inanyesha! Cha yule cheusi, cha mwingine kinanuka. Mama wa geti la bluu akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Lakini vya kwako, Bibi, nimeviona juu ya ukuta. Vinachanua majani."

Wote wakanigeukia. Nikaelewa wanachofikiri: kwamba nilibakiza vizuri nikagawa taka.

Kichwa changu kikafanya kazi ya dukani, kikatafuta tofauti. Vyangu vilikaa uani nyuma. Vyao vilikaa karibu na karo la kufulia. Nikageuka, nikamuuliza mke wa mwanangu mbele yao, kwa sauti ileile niliyokuwa nikimwulizia msaidizi aliyekosea chupa:

"Mama Kidoti, zile siku nne, maji ya sabuni ulimwaga wapi?"

Akafikiri. Mwingine angekataa. "Siku moja karo liliziba, Mama. Nilimwaga pembeni. Yawezekana yalivifikia."

"Basi ndiyo hiyo," nikasema. "Mmesikia. Sabuni imeunguza kwenye mkato. Mmea una ngozi kama sisi." Nikaendelea kueleza. Sijui nilieleza muda gani. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kupata nafuu, na yeye alisimama pale na kapu langu la viazi mikononi, maji yakimdondokea begani kutoka kwenye bati.

Kinyozi akasema, "Kumbe tulipanda mboga zilizofuliwa!" Watu wakacheka. Mimi pia.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua kubwa. Hajatoka chumbani ila kupika.

Jumatano, 10 Aprili

Kichochoroni wameanza kumwita Mama Sabuni. Kidoti ndiye aliyeleta habari, akiimba. Mama yake akamwambia, "Imba wimbo mwingine, mwanangu," akaingiza kitambaa chini ya sindano.

Ijumaa, 12 Aprili

Asubuhi Kinyozi alitupa vipande vyake juu ya jalala la kona. Nilipita nikaokota kimoja, sijui kwa nini. Mazoea ya kusoma chupa iliyotupwa.

Nimekaa nacho jikoni. Nikakiosha. Macho hayakunisaidia, nikatumia kidole gumba. Kila jani linapodondoka kwenye tawi huacha kovu, na kichipukizi hukaa juu ya kovu hilo, daima juu, kama nyusi juu ya kope. Nimewafundisha watu jambo hili hata hawajauliza. Nikashika ncha ya mshazari kwa mkono wa kushoto, iliyokuwa ardhini. Nikapapasa kuelekea upande wa pili. Kovu lilikuja mwisho. Kichipukizi kilikuja kwanza.

Nikarudia. Nikatoa kioo changu cha kukuzia cha dukani, nikasimama mlangoni penye mwanga. Vichipukizi vyote vilitazama mshazari. Vingine vilikuwa vimechomoza vikiwa ndani ya udongo, vikatafuta njia, vikaoza.

Nilivikata kichwa chini. Vyote vya pili, vya majirani. Nilipohama kulikimbia jua, mashina yalibaki palepale, lakini kulia kwangu kukawa kushoto. Mkono wangu ukaendelea kufanya ilivyozoea. Mtu anayeona angegundua kwenye kipande cha kwanza. Mimi nilikata zaidi ya arobaini, kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikisema mshazari chini, usiguse, usichungulie. Sheria yangu mwenyewe ndiyo iliyozuia mtu yeyote asigundue mapema.

Cherehani ilikuwa inanguruma barazani. Nilifungua mdomo kumwita. Kisha nikasikia nitakavyosema, na swali litakalofuata: hukuona? Nikakichoma kile kipande kwenye jiko. Kibichi kile hakikuungua vizuri, kikajaza moshi nyumba nzima.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Maziwa yamemwagika."

Jumamosi, 13 Aprili

Sikusema.

Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu alikuwepo. Sikusema.

Jumanne, 16 Aprili

Nimechuma majani ya kwanza ya chaya zangu, nikayachemsha. Yana ladha nzuri. Nimeyamwaga.

Alhamisi, 18 Aprili

Asubuhi hii mvua ilipumzika. Nilikuwa dirishani. Nilimwona mke wa mwanangu anatoka na Kidoti, amevaa gauni lake la shughuli, na mfuko. Akagonga geti la bluu. Akasimama sana. Kisha geti la pili. Nikadhani anapeleka nguo za wateja.

Kidoti aliporudi nikamuuliza.

"Tulikwenda kuomba msamaha wa mboga. Mama ameshona vitambaa vya kufunika vyombo. Kila nyumba kimoja. Mimi ndiye nilikuwa nawapa."

"Na walisema nini?"

"Kinyozi alisema usijali Mama Sabuni. Halafu akasema samahani, Mama Kidoti. Mama alipiga goti, Bibi, kwenye tope. Gauni limechafuka hapa."

Nyumba kumi na moja. Alishona usiku gani, mimi nilisikia cherehani nikadhani ni kazi za watu.

Nimeandika na kufuta. Nitaandika hivi: nilimtazama mwanamke asiye na kosa akienda kuinamia watu kwa kosa langu, na jambo la kwanza nililohisi lilikuwa nafuu kwamba mambo sasa yataisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Mwanangu amesubiri Kidoti alale, akaja kuketi kwenye kigoda, kile kigoda.

"Mama, tumepata vyumba viwili kule nyuma ya soko. Mwisho wa mwezi tutahamia."

"Kuna nini hapa?"

"Hapa hakuna neno."

"Mwanangu, mimi si mtoto."

Akasugua magoti. "Mke wangu anasema hana ubaya na mtu. Anasema tu, kila akishika kitu ndani ya nyumba hii anasikia anakiharibu. Juzi ameniuliza kama anaweza kusogeza sufuria yako. Sufuria, Mama. Ana miaka sita hapa."

Nilitaka kumweleza kwamba mwanamke anayehama mvua ikinyesha huharibu magodoro. Nikamweleza hivyo kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyonisikiliza wote, akaniambia usiku mwema.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua nyembamba. Mawingu yameanza kupanda juu, baada ya wiki mbili tatu hivi mvua zitakuwa zimekwisha. Kipande kipya kikipandwa sasa bado kitashika. Kikipandwa Mei mwishoni ni kumwagilia kwa ndoo na kuomba.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia.

Nilitoka barazani asubuhi baada ya Kidoti kwenda shule. Alikuwa anatia lastiki kwenye kiuno cha sketi. Nilisimama mpaka akainua uso.

"Haikuwa sabuni," nikasema. "Nilivikata kichwa chini. Sioni, Mama Kidoti. Sioni vizuri tangu mwaka jana."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Nikaanza kumweleza, rundo, jua, kigoda, kulia na kushoto. Akainua kiganja, si kwa ukali, kama mtu anayesimamisha gari dogo.

"Tangu lini, Mama?"

"Kutoona?"

"Kujua."

"Tangu ile Ijumaa. Ule moshi."

Akahesabu kwa macho. "Ijumaa. Mimi nilizunguka Alhamisi iliyofuata."

"Ndiyo."

"Na uliniona natoka."

"Niliona mtu ana mfuko. Nilijua ni wewe. Sikujua unaenda kufanya nini, lakini nilipojua nilinyamaza vilevile."

Alivuta lastiki mpaka mwisho, akaiachia, ikarudi. "Lile la macho nilijua," akasema. "Unamimina chai mpaka kidole kilowe. Nilikuwa nakusubiri useme. Nikasema ni mtu mzima, ana heshima yake, atasema mwenyewe." Akainamisha kichwa. "Na mimi nilikubali kosa ili nisikuaibishe mbele za watu. Nilijua sikumwaga maji mengi hivyo."

Sikuwa na la kueleza. Labda ni mara ya kwanza.

"Nisamehe, mwanangu."

"Usinisemee mimi hapa barazani, Mama. Mimi hukunitukana hapa." Akarudisha mguu kwenye pedali. "Kasemee ulikosemea."

Jumanne, 23 Aprili

Sikwenda. Mvua ilikuwa kubwa. Si kweli, haikuwa kubwa.

Jumatano, 24 Aprili

Nilikwenda saa kumi, wakati kibaraza cha Kinyozi kinajaa. Walikuwa wengi kuliko siku ile. Kinyozi akafuta kiti kwa taulo. "Bi Dozi, karibu. Leo unatupa dozi gani?"

"Leo nimekuja kurudisha."

Nilikataa kuketi. Niliwaambia kwa mstari mmoja, maana njia nzima nilikuwa najifunza kuufupisha: vipande vilikatwa kichwa chini, aliyekata ni mimi, mke wa mwanangu hakuharibu kitu, na nilijua haya alipokuja kuwapigia goti. Sikutaja macho. Kisha nikaona nimebakiza mlango wa kutokea, nikataja na macho.

Wembe wa Kinyozi ukabaki hewani karibu na sikio la mtu.

"Yaani," akasema taratibu, "ile mwaka jana uliponisomea kiboksi cha dawa za presha..."

Mtu mmoja akapasuka kicheko, akajizuia.

"Nilikisoma kwa kukumbuka," nikasema. "Zile nazijua kwa moyo. Lakini ulikuwa na haki ya kujua kwamba sikuwa nasoma."

Hakutania tena. Hilo lilikuwa baya zaidi kuliko utani. Mama wa geti la bluu alitoka nyuma ya watu, akaingia kwake, akarudi na kitambaa cha kufunika vyombo kimekunjwa. Akanitia mkononi. "Mrudishie. Mwambie sistahili kukaa nacho. Mimi nilicheka siku ile."

Wengine wakafuata. Nimerudi nyumbani na vitambaa saba mikononi, kimoja kina doa la chai, na katika kichochoro kizima hakuna aliyenisaidia kuvibeba, na ilikuwa sawa.

Nimeviweka juu ya cherehani. Alivihesabu. Baadaye nilimsikia akimwambia Kidoti, "Hivi ni vyetu, tutahama navyo."

Ijumaa, 26 Aprili

Hajanisemesha zaidi ya salamu. Chakula kipo wakati wake. Mwanangu amepigiwa simu, ameambiwa yote, na mimi ndiye niliyempigia.

Jumapili, 28 Aprili

Matawi ya chaya ya zamani bado yapo mengi. Niliketi na panga, nikashindwa kuanza. Nikamwita. Sikupenda kumwita. Lakini afadhali hivyo kuliko kukaa pale na panga.

"Mama Kidoti, sijui upande gani ni wa juu. Nisaidie."

Alisimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni. Nilimweleza tatizo, maneno machache: tawi likishadondoka chini, kwangu mimi ncha zote mbili ni moja.

"Basi usilidondoshe kwanza," akasema.

Akaingia ndani, akarudi na kibiringo cha uzi mwekundu, ule mnene wa kushonea mapindo ya mapazia. Akashika tawi likiwa bado kwenye mti, akapima kiwiko, akafunga uzi upande wa juu. Akapima tena, akafunga tena. Tawi zima likawa na mafundo kama kamba ya anayehesabu siku. Kisha akanishika kidole nipapase: fundo. "Hapa juu. Huhitaji macho, Mama. Macho tutayapeleka kliniki Jumatatu ijayo, nimeshauliza saa zao."

"Tutayapeleka?"

"Utakwenda na nani? Utaanza kuwaeleza madaktari kazi yao, wakutoe nje."

Nilikata. Alifunga.

Jumatatu, 29 Aprili

Nyumba kumi na moja, tumezunguka wote watatu. Sijasema usiguse wala usichungulie. Nimesema, vikauke kivulini siku tatu nne, kisha uzi juu, na baada ya wiki tatu ukiona kimya njoo uniambie usoni. Kinyozi alimpokea mke wa mwanangu kwanza, akasema, "Karibu, fundi." Kidoti akamrekebisha: "Mama Sabuni." Kinyozi akainama mpaka kwenye uso wa mtoto: "Huyo alihama."

Jumanne, 30 Aprili

Wamehama. Mwanangu alikuja na gari la kazini. Vyumba vilishapangwa, na mke wa mwanangu alisema wazi, bila hasira, kwamba anataka kuamka mahali ambapo sufuria ni yake. Nilikubali. Nilitaka kubishana na nilikubali.

Walibeba kitanda, magodoro ndani ya nailoni, vitambaa, vipande vinne vya chaya vyenye nyuzi. Mwanangu alishika cherehani upande mmoja, akamwita mkewe ashike wa pili.

"Hiyo iache," mkewe akasema. "Kule chumba kina giza. Nitakuwa nakuja kushonea hapa." Kisha akanigeukia. "Kama Mama hana neno."

Nilisema sina neno. Kweli sikuwa nalo.

Jumatano, 15 Mei

Mvua zinakatika. Saa mbili asubuhi nimesikia geti, kisha pedali. Mama wa geti la bluu amepiga kelele kutoka kwake kwamba mpangaji amefungua dirisha, majani mawili. Wiki iliyopita kliniki, daktari alisema jicho la kulia litaanza kupasuliwa, mwezi ujao. Nilimweleza kidogo tu.

Wewe utakayesoma haya, kama unayo chaya au mboga yoyote ya kupanda kwa tawi: leo, kabla hujashika panga, chukua uzi, ufunge upande wa juu tawi likiwa bado mtini.